Visima vya Mafuta Mbele ya Mwamba wa Kwale

Kisima cha mafuta kinapopendekezwa baharini mbele ya Kwale, kuna swali linalotangulia hesabu ya mapipa na mgao wa fedha: maji yaliyo juu ya kisima hicho yanakwenda wapi? Jibu lake analo kila nahodha wa Shimoni. Pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Likoni kupitia Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni hadi Vanga mpakani mwa Tanzania, hupitiwa na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao hapa hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi karibu na Oktoba, upepo huuongezea nguvu, na kasi yake huweza kufikia mita 1 kwa sekunde au kuzidi. Mwendo huo ni zaidi ya kilomita 80 kwa siku, umbali unaokaribia ule wa Vanga na Mombasa. Kaskazi inapovuma, Novemba hadi Machi, mkondo hupungua kasi, lakini mbele ya Kwale haugeuki. Kinachomwagika katika mlango wa Pemba huelekea huku.

Mafuta yanayoelea hayafuati mkondo peke yake. Huburutwa pia na upepo, kwa kiasi cha asilimia 3 hivi ya kasi ya upepo wenyewe. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na pwani imeelekea mashariki. Pepo zote mbili, basi, husukuma kuja nchi kavu. Hakuna msimu ambao mtu anaweza kusema kwa uhakika kwamba upepo utayachukua mafuta na kuyapeleka kilindini.

Kisha kuna mwamba. Mwamba wa matumbawe umefuatana na ufuo, mahali pengi kwa umbali wa kilomita moja hivi au chini yake, na ndani yake kuna maji ya kina kifupi yenye nyasi za bahari, mchanga na matumbawe yaliyotawanyika. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa hufikia karibu mita 4. Maji yakijaa hupita juu ya mwamba. Yakipwa, mwamba huchomoza na maji ya ndani hutokea kwenye milango michache. Mafuta yakiingia pamoja na maji yanayojaa, hayatoki yote maji yanapokupwa. Sehemu yake hulala juu ya nyasi na kushikamana na mchanga, na sehemu nyingine hubebwa na maji yajayo hadi kwenye ghuba na vijito vya mikoko: Gazi, Funzi, Shimoni, Vanga. Kwa umbo lake, pwani hii ni dema kubwa ambalo mlango wake umeelekea bahari kuu.

Jambo la msimu lina uzito wa pekee kwa wavuvi, na halitajwi vya kutosha. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hubaki ndani ya mwamba akitega madema na kuvua kwa mshipi. Ni katika kaskazi tu ndipo vyombo vidogo hutoka nje kwa amani kutafuta nguru, kolekole na jodari. Kisima kikipasuka mwezi wa Juni, mafuta yataingia katika maji yaleyale ambayo ndiyo pekee yanayovulika wakati huo, na vyombo vya kusafisha bahari navyo vitakuwa vinapambana na mawimbi yaleyale yaliyomrudisha mvuvi ndani.

Utafutaji wa mafuta mbele ya pwani ya Kenya si habari mpya. Visima vya kwanza vya baharini vilichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, vikaachwa. Wimbi la pili lilikuja baada ya gesi nyingi kugunduliwa kwenye bahari ya Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilichimba kisima cha Mbawa-1 na kukuta gesi isiyotosha kuuzwa. Mwaka 2013 Anadarko ilichimba Kubwa-1 na Kiboko-1 katika kina kirefu zaidi bila kupata hazina ya kibiashara. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ikaja zamu ya kusini: BG Group, katika kitalu L10A, ilichimba Sunbird-1 kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 700. Hapo palionekana mafuta na gesi kwa pamoja, na mahali penyewe palipokuwa na mafuta hayo ni mwamba wa matumbawe wa kale, uliojengwa na viumbe vya bahari mamilioni ya miaka iliyopita na kufukiwa chini ya tope. Kiasi kilichoonekana hakikutosha kuanzisha uzalishaji. Shell iliinunua BG mwaka 2016. Eni ilirudi kilindini mwishoni mwa mwaka 2021 na kisima cha Mlima-1, nacho hakikuleta ugunduzi wa kibiashara.

Orodha hiyo inaweza kumfanya msomaji aone kwamba hatari imepita. La hasha. Kenya bado ina vitalu vya baharini kwenye ramani, na Sunbird-1 ilithibitisha kwamba mafuta yapo katika miamba ya chini upande wa kusini. Bei ya mafuta ikipanda na mitambo ikiwa rahisi, kitalu kilichoachwa jana hutafutiwa mwekezaji kesho. Wakati wa kukataa ni sasa, ambapo hakuna kampuni iliyokwisha kuzamisha mabilioni ya fedha chini ya bahari na kudai kuyarudisha.

Madhara ya mafuta kwa mikoko yanaeleweka vizuri kwa sababu yamekwisha kutokea, na baadhi yake jirani. Mkoko hukua katika tope lisilo na hewa. Ili kupumua, mti huo hutegemea vitundu vidogo kwenye mizizi yake iliyopinda juu ya maji, na mchu, aina nyingine ya mikoko, hutegemea vijiti vya mizizi vinavyochomoza kutoka kwenye tope. Mafuta yakivifunika, mti hukosa hewa na kufa kwa wiki au miezi. Mwaka 1988 mafuta mazito kutoka kwenye ghala mjini Mombasa yalimwagika katika kijito cha Makupa na kuua mikoko. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja katika eneo la Port Reitz, na mikoko ikafa tena. Mikasa hiyo miwili ilitokea ndani ya bandari, karibu na kila boti na kila ofisi inayohusika na usalama wa bahari nchini. Bandarini penyewe mafuta hayakuwahiwa; yatawahiwaje mbele ya Funzi?

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi unatoka Panama. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta karibu na Bahía Las Minas lilipasuka na kiasi cha lita milioni 8 za mafuta ghafi kikaingia baharini, mahali ambapo taasisi ya utafiti ya Smithsonian ilikuwa na kituo na kumbukumbu za miaka mingi za hali ya matumbawe na mikoko. Kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha kabla na baada. Mikoko ilikufa kwa eneo kubwa. Matumbawe yalidhurika hata yale yaliyokuwa chini ya maji muda wote, ambayo hapo awali wataalamu wengi waliamini yangenusurika. Baya zaidi ni lililofuata: mafuta yaliyonaswa katika tope la mikoko yaliendelea kuchuruzika kila mvua iliponyesha na kila ukingo ulipomomonyoka, mwaka baada ya mwaka, yakachafua upya maji yaliyokuwa yameanza kupona.

Hapa ndipo hoja ya watetezi wa uchimbaji inapoanguka. Husemwa kwamba bahari ya joto hujisafisha: jua hukausha mafuta mepesi, na bakteria hula yaliyobaki. Juu ya maji ya kilindini hilo ni kweli kwa kiasi. Lakini bakteria wanaovunja mafuta kwa haraka wanahitaji oksijeni, na tope la Gazi, kama tope la mikoko popote pale, halina oksijeni chini ya vidole vichache vya juu. Mafuta yaliyozama humo hukaa kama yaliyowekwa akiba. Joto la tropiki halisaidii mahali ambapo hewa haifiki.

Hoja hii inafanana sana na ile iliyotumika kuzipigania bahari za ncha za dunia. Huko baridi ndiyo inayozuia mafuta kuvunjika, barafu ndiyo inayozuia kuyafikia, na bandari yenye vifaa iko mbali. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska na kumwaga tani zipatazo 37,000. Miongo baadaye mafuta yalikuwa bado yanapatikana chini ya mawe ya fukwe. Shell ilijaribu kuchimba katika bahari ya Chukchi, kaskazini mwa Alaska. Tarehe 31 Desemba 2012 mtambo wake wa Kulluk ulikatika kamba ukivutwa katika dhoruba na kutupwa ufuoni, na mnamo Septemba 2015 kampuni hiyo ikaacha kazi hiyo baada ya kutumia takriban dola bilioni 7. Kusini mwa dunia uamuzi ulifanywa mapema na kwa busara zaidi. Itifaki ya Mazingira ya Mkataba wa Antaktika ilitiwa saini Madrid mwaka 1991 na kuanza kutumika mwaka 1998, nayo inapiga marufuku shughuli zote za madini isipokuwa utafiti wa kisayansi. Hakuna aliyesubiri kisima kivuje kwanza.

Bahari hizo za barafu na maji ya Kwale zimeunganishwa na kiumbe hai. Nyangumi wenye nundu wanaoonekana kati ya Julai na Septemba mbele ya Diani, Kisite na Watamu ni walewale wanaojilisha kwenye maji ya Antaktika wakati wa kiangazi cha huko, kisha wakasafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kunyonyesha katika maji ya joto. Wamelindwa kule na sheria ya mataifa. Wakifika huku, wanaingia katika bahari iliyogawanywa kuwa vitalu. Na kwao madhara huanza kabla ya tone moja kumwagika, kwa sababu utafutaji wa mafuta huanza na meli inayovuta mizinga ya hewa na kulipua mawimbi ya sauti kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana kwa wiki nyingi. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Nyangumi dume huimba, na mama na ndama huitana kwa milio ya chini. Kelele ya aina hiyo huwafukuza au huwafanya wasisikilizane. Pomboo wa mlango wa Wasini, ambao ndio riziki ya mashua za watalii zinazotoka Shimoni, nao hutegemea sauti kutafuta chakula.

Upande wa vifaa vya kusafisha unaweza kuelezwa kwa ufupi. Maboya marefu ya kuzingira mafuta hufanya kazi kwenye maji matulivu. Kwenye mkondo wenye nguvu mafuta hupita chini yake. Kemikali za kuyavunja mafuta huyaondoa machoni kwa kuyachanganya na maji, na kwa kufanya hivyo huyapeleka mahali matumbawe yalipo, ilhali mabuu ya matumbawe huathirika vibaya na mchanganyiko huo. Miamba ya Kenya tayari ilipigwa na joto la mwaka 1998, lililopausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe, na joto la namna hiyo limerudi tena tangu wakati huo. Hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, imesaidia matumbawe yake kusimama. Haina ukuta wa kuzuia mafuta.

Kinachowahusu watu kwa karibu zaidi ni mkasa wa Montara. Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha Montara katika bahari ya Timor, upande wa Australia, kilipasuka. Kilikuwa kwenye maji yenye kina kisichofika mita 100, yaani mafupi mno kuliko ya Sunbird-1, na katika nchi yenye mali na utaalamu. Hata hivyo mtambo wa kuchimba kisima cha pili cha kukizima ulilazimika kuvutwa kutoka Singapore, jaribio la tano ndilo lililofaulu, na mafuta yalitoka kwa zaidi ya siku 70. Yalisafiri zaidi ya kilomita 200 hadi fukwe za Indonesia, ambako maelfu ya familia zilikuwa zikilima mwani. Mwani ulikufa. Wakulima hao walipata hukumu ya kuwaunga mkono katika mahakama ya shirikisho ya Australia mwezi Machi 2021, na mwaka 2022 kukawa na suluhu ya dola za Australia milioni 192.5 kwa wakulima zaidi ya 15,000. Kutoka siku ya mkasa hadi siku ya suluhu ilipita miaka 13. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amemaliza shule ya msingi kabla ya mzazi wake kuahidiwa fidia. Kampuni mama ya mwendeshaji wa Montara, PTTEP ya Thailand, ilikuwa pia mshirika katika kitalu L10A kisima cha Sunbird-1 kilipochimbwa.

Mwani ni kazi ya Kwale pia. Kibuyuni, Mkwiro na Gazi zina mashamba ambayo kina mama hufunga vijiti vya mwani kwenye kamba maji yanapokupwa siku za bamvua, wakavuna baada ya wiki sita hivi na kuanika. Shamba liko katika maji ya kina kifupi, mahali hasa ambapo mafuta hutua. Mkulima wa mwani hana hati ya shamba hilo, hana daftari la mapato linalokubalika mahakamani, na hawezi kumfuata mmiliki wa kisima hadi nchi ya ng'ambo. Mikataba ya kimataifa ya fidia, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inahusu mafuta yanayomwagwa na meli za kubebea mafuta. Hakuna mkataba wa dunia nzima wa aina hiyo kwa visima vya baharini. Wakulima wa Timor walishinda kwa sababu mahakama ya nchi tajiri ilikubali kuwasikiliza; huo si mfumo ambao mtu anaweza kuutegemea.

Faida inayoahidiwa nayo yapaswa kupimwa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa sehemu ya serikali hivi: asilimia 75 serikali ya taifa, asilimia 20 kaunti, na asilimia 5 jamii ya mahali. Jamii hiyo sheria inaieleza kwa kutaja kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa. Kisima kikiwa makumi ya kilomita baharini, kiko katika kaunti ndogo gani? Mvuvi wa Msambweni, wa Likoni na wa Kilifi wote watakuwa katika njia ya mkondo, na kila mmoja anaweza kuambiwa kwamba kisima si chake. Kwale ina uzoefu wa kutosha wa ahadi za chini ya ardhi. Base Titanium ilichimba mchanga wa madini Msambweni tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliahidi kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10, na kwa miaka mingi wakazi waliendelea kuudai mgao huo. Huo ulikuwa mgodi wa nchi kavu, unaoonekana, wenye mipaka kwenye ramani. Ajira za kisima cha kilindini ni chache zaidi na za kitaalamu: meli ya kuchimba huja na mabaharia na mafundi wake, na ghala la vifaa hukaa Mombasa.

Kinyume chake, bahari safi inalipa sasa hivi. Gazi na Makongeni zimeuza hewa ya ukaa tangu mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimepeleka maji vijijini na vitabu shuleni. Vanga, Jimbo na Kiwegu zimefuata njia hiyo. Hoteli za Diani zinauza ufuo mweupe. Wapemba wa Kwale, waliotambuliwa na serikali kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023 baada ya miongo ya kuishi bila vitambulisho, wamejenga maisha yao yote juu ya uvuvi. Kuwapa uraia na kuwachafulia bahari ni kuwanyang'anya kwa mkono wa pili.

Kukataa kunawezekana kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa kifungu cha 70 bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye binafsi, na katika kifungu cha 71 inataka mikataba ya maliasili iidhinishwe na Bunge. Lamu ilionyesha kwamba vifungu hivyo vina meno: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Belize, nchi ndogo inayoishi kwa matumbawe na utalii kama pwani hii, ilipitisha mwishoni mwa mwaka 2017 sheria ya kusimamisha uchimbaji wa mafuta katika bahari yake yote, na mwaka 2018 mwamba wake ukaondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Bunge la Nairobi linaweza kutunga sheria fupi kama ile, ikianza na vitalu vyote vilivyo mbele ya Kwale.

Hata sheria hiyo itabaki nusu ikiwa itaishia mpakani. Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatia saini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa kugawana uzalishaji katika kitalu cha Pemba na Zanzibar. Pemba iko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Shimoni, na mkondo unatoka upande huo. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi, na zimekwisha kuchora pamoja pendekezo la eneo la hifadhi linalovuka mpaka, kutoka Diani hadi Mkinga. Eneo hilo likitangazwa rasmi, sharti lake la kwanza liwe kwamba hakuna kisima kitakachochimbwa upande wowote wa mlango wa Pemba, na kwamba tathmini yoyote ya mazingira itakayofanywa Unguja, Pemba au Tanga isomwe hadharani, kwa Kiswahili, Vanga na Shimoni kabla ya leseni kutolewa.